Bustani ya Usiku: Kutoka Kingo za Yamuna Hadi Uani mwa Mandir Yetu

Tulipoombwa kuandika makala ya historia, wengi walidhani tungesimulia habari za msingi, saruji na wafadhili. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, zimeandikwa na wanaozijua kuliko sisi. Tumeona afadhali tuandike juu ya kiwanja kitupu kilicho nyuma ya mandir, ambacho mwaka huu kinageuzwa kuwa bustani ya kukaliwa baada ya jua kuchwa. Wapo wanaouliza kwa nini iwe bustani, na kwa nini iwe ya usiku. Wana haki ya kuuliza, nasi tutajaribu kuwajibu kwa historia.

Tuanzie Agra, kaskazini mwa Bara Hindi. Babur, mwasisi wa dola ya Mughal, alifika huko mwaka 1526 akitokea Kabul, na katika kumbukumbu zake alilalamikia joto, pepo kali na vumbi. Dawa aliyoiona ni bustani zenye maji yatiririkayo, akaanza kuzipanga kando ya mto Yamuna. Mwezi wa Mei na Juni joto la Agra hupita nyuzi 40. Katika nchi ya namna hiyo mchana ni wa kujificha ndani. Mtu hutoka kuifurahia bustani jua likisha kuzama.

Shah Jahan, kilembwe cha Babur, ndiye aliyeifikisha sanaa hiyo kileleni. Watu wote wanaijua Taj Mahal, kaburi alilomjengea mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631. Wachache wanajua kwamba ng'ambo ya pili ya mto, mkabala kabisa na kaburi hilo, kulikuwa na bustani iitwayo Mehtab Bagh, yaani bustani ya mbalamwezi. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba mahali pale Shah Jahan alikusudia kujijengea kaburi la mawe meusi. Wataalamu wa India na Marekani walipochimba katika miaka ya 1990, hawakukuta msingi wa kaburi lolote. Walikuta birika kubwa lenye pembe nane, lililowekwa ili kivuli cha Taj Mahal kianguke majini. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka: mwezi uwe taa, marumaru nyeupe iupokee mwanga, na maji yawe kioo.

Hata hivyo, bustani ile haikudumu. Mwezi wa Desemba 1652, Aurangzeb alimwandikia baba yake, Shah Jahan, barua kumweleza kwamba Mehtab Bagh ilikuwa imefurikwa na maji ya mto. Miaka ikapita, mchanga na tope vikaifunika, hata watu wakasahau kwamba palikuwa na bustani. Shah Jahan mwenyewe aliondolewa katika kiti na mwanawe huyo mwaka 1658, akafungiwa katika ngome ya Agra hadi kufa kwake mwaka 1666.

Bustani nyingine ya jina hilo hilo ilikuwa Delhi, ndani ya Ngome Nyekundu iliyokamilika mwaka 1648. Jirani yake ilikuwapo bustani ya Hayat Bakhsh, ambayo vibanda vyake viwili vya marumaru vingaliko hadi leo. Vinaitwa Sawan na Bhadon, majina ya miezi ya masika ya Kihindi. Ukutani mwake mna vishubaka vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Mchana viliwekwa maua, na usiku viliwekwa taa, na maji yakaporomoka mbele yake kama pazia, mwanga ukacheza nyuma ya maji. Baada ya vita vya mwaka 1857, Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya kasri ile wakajenga mabweni ya askari. Mehtab Bagh ya Delhi ilipotea isibaki.

Twaona kwamba bustani hizi mbili zina fundisho moja. Zilikuwa kamilifu kwa ufundi, lakini zilikuwa za watu wachache walio ndani ya ukuta. Mwenye nyumba alipoondoka, nje ya ukuta hapakuwa na mtu aliyepata kuketi humo, wala aliyekuwa na sababu ya kuililia.

Katika mapokeo yetu sisi Wahindu, usiku wa bustani una maana nyingine. Kitabu cha kumi cha Bhagavata Purana kinaufungua usimulizi wa ngoma ya Ras kwa kutaja usiku wa vuli na asumini zilizochanua. Usiku huo ndio tunaoukumbuka katika Sharad Purnima, mwezi mpevu wa Aso, tunapocheza garba na kuweka maziwa na pauva chini ya mbalamwezi kabla ya kugawana. Huko Vrindavan kiko kichaka cha Nidhivan, ambacho milango yake hufungwa kila jioni, kwa kuwa waumini huamini kwamba usiku Krishna na Radha hurudi kucheza humo.

Wazee wetu walitusimulia pia kisa cha mparijat. Krishna aliutoa mti huo katika bustani ya Indra mbinguni, akaupanda uani mwa mkewe Satyabhama aliyekuwa ameutaka sana. Lakini tawi lilivuka ukuta, na kila alfajiri maua yakaangukia upande wa Rukmini. Tulipokuwa watoto tulikicheka kisa hiki kwa kuwa Satyabhama alipata mti, mwenzake akapata maua. Sasa tumekuwa watu wazima na tunakisikia kwa namna nyingine, kama tutakavyoeleza.

Kabla ya hapo, tuseme kidogo kuhusu maua yenyewe, maana bustani ya usiku haipandwi kwa kubahatisha. Giza likiingia, jicho hupoteza rangi nyekundu kwanza. Waridi jekundu lipendezalo saa kumi alasiri huonekana jeusi saa moja usiku, ilhali ua jeupe huendelea kuonekana hata kwa mwanga wa nyota. Tena, maua mengi ya usiku yanamngojea nondo, si nyuki. Kwa kuwa nondo huruka gizani, ua humwita kwa weupe na kwa harufu. Ndiyo sababu mparijat hufungua maua yake jua likichwa na kuyaangusha alfajiri, na asumini hunukia zaidi jioni kuliko mchana.

Jambo jingine linapasa kukumbukwa na sisi tuliozaliwa na wahamiaji. Raat rani, malkia wa usiku, ambayo kila nyumba ya Kigujarati huidhania kuwa yake, asili yake ni nchi za joto za Amerika. Rajnigandha tuitiayo katika mashada ya harusi ilitoka Meksiko. Champo inayopandwa penye mahekalu nayo ilivuka bahari kutoka huko huko. Maua hayo yalifika ugenini, yakapokewa, na leo hakuna ayaitaye mageni.

Nasi tulipokewa hivyo hivyo katika pwani hii, tulipoletwa na majahazi na pepo za kaskazi. Wageni wetu wakienda Unguja huwaambia watembelee bustani ya Forodhani baada ya magharibi. Jina lake linatokana na forodha, na katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa asili ya Kutch. Bustani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, wakati wa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kila usiku watu hujaa humo: wachomaji mishikaki, wauza juisi ya miwa, wazee, watoto wanaojirusha baharini. Haina marumaru ya Agra wala vishubaka vya Delhi. Lakini ina wenyewe wengi, na hilo twaona ndilo lililoiweka hai.

Sasa turudi uani kwetu. Lazima tukiri kwamba sisi wafanyabiashara ndio tuliokuwa wa kwanza kupendekeza kiwanja kile kijengwe ghala la kupangisha. Tulikwisha kupiga hesabu ya kodi. Kwa hofu ya wezi tuliweka pia taa kali mbili juu ya nguzo. Uwanja ukang'aa kama bandari, na hakuna mtu hata mmoja aliyeketi humo.

Usiku wa Sharad Purnima iliyopita, baada ya aarti, umeme ulikatika. Tulitarajia watu waondoke, lakini walitoka nje wakaketi chini, kimya kimya, mwezi ukiwa juu. Ndipo harufu ya asumini ilipotufikia. Tukatazamana, kwa kuwa sisi hatukuwa tumepanda asumini. Ilitoka kwa bibi mmoja jirani, Mwislamu, ambaye ukuta wake umepakana na wetu. Kesho yake wanne kati yetu tulikwenda kumshukuru.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Hayo maua mwayanusa ninyi kuliko sisi. Upepo wa usiku wavuma kwenu."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Tulikikumbuka kisa cha Rukmini, tukatambua kwamba kwa miaka yote hii sisi ndio tuliokuwa upande wa pili wa ukuta, tukipokea maua ya mwenzetu bila kujua. Hesabu ya ghala hatukuirudia tena.

Mpango uliokubaliwa na kamati ni huu. Katikati patakuwa na tulsi, ndugu yake rehani, juu ya jukwaa lake, na diya ya jioni kama ilivyo desturi. Mparijat utapandwa karibu na ukuta wa Bibi, kwa makusudi, ili matawi yavuke. Asumini na champo zitazunguka baraza za kukalia. Raat rani itakaa mbali kidogo, kwa kuwa harufu yake ikizidi huwaumiza wengine kichwa. Kuta fupi zitapakwa chokaa zipokee mwezi. Birika litakuwa dogo na lenye samaki, maana maji yaliyotuama huzaa mbu. Taa kali zitaondolewa, na badala yake zitawekwa taa ndogo zilizofunikwa, zisizopita urefu wa goti, zinazomulika njia tu.

La mwisho ndilo lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi, nalo ni lango. Baadhi ya wanajumuiya wanahofia usalama, na hofu yao si ya kudharauliwa. Hata hivyo tumekubaliana kwamba upande wa mtaa wa nyuma litafunguliwa lango dogo, litakalokuwa wazi tangu magharibi hadi saa nne usiku, na mlinzi atakuwapo. Jirani atakayetoka kuswali Isha akitaka kupunga upepo, baraza ni yake pia.

Michango inapokewa ofisini mwa mandir. Asiye na fedha alete mche. Asiye na mche aje usiku wa kwanza aketi nasi.