Bunduki Moja ya Kila Mnyama? Njooni Lanet

Ukitaja bunduki hapa Lanet, mtu anafikiria kambi ya jeshi kwanza. Ni sawa, tumekua nayo hapo. Lakini bunduki ninayotaka tuiongelee leo haina uhusiano na kambi. Habari yake ilianzia kwa ganda la risasi ambalo jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alilitoboa na kulifanya kishikio cha funguo za banda lake la kuku.

Hilo ganda nimeliona tangu nikiwa darasa la pili. Kulisoma ndio nimelisoma juzi tu. Nilikuwa nimeenda kumsaidia kushika kuku wa chanjo (ukiacha chuo mwaka wa pili, mtaa mzima unajua hauna kazi saa nne asubuhi), akanirushia funguo nifungue. Kwa kitako imeandikwa: 375 H&H MAGNUM. Na juu kidogo ya kitako kuna mkanda, kama mshipi uliofungwa kiunoni. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema, "Hiyo ni ya baba. Hiyo ndiyo ilimaliza ile nyati."

Nitarudi kwa nyati. Kwanza hebu nikupeleke nyuma, kwa sababu nililala saa tisa usiku nikisoma hii maneno na sijutii.

Swali lenyewe ni la zamani na linasumbua wawindaji hadi leo: ukiambiwa uchague risasi moja tu, ya kupiga kila kitu kuanzia swala hadi ndovu, utachukua gani? Na watu wasidhani ni swali la Marekani. Jibu lake kubwa lilipikwa na kuonjwa hapa kwetu, kutoka Karamoja hadi Serengeti.

Mwanzoni watu walitumia chochote. Wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, J. H. Patterson alikuwa anawatafuta na .303, risasi ya jeshi la Uingereza, yenye upana wa milimita 7.7 tu. Kuna siku moja alibadilishana bunduki na daktari mmoja kwa sababu ile ya daktari ilikuwa na nguvu zaidi. Simba akatokea karibu kabisa, akavuta kifyatulio, na bunduki ya nguvu zaidi ikakataa kulia. Patterson alipona kwa bahati. Mimi ningekuwa mwalimu, somo la kwanza ningeanzia hapo: ukubwa wa risasi hausaidii kitu kama bunduki yenyewe haujaizoea.

Halafu Theodore Roosevelt akashuka Mombasa Aprili 1909, akitoka tu kuwa rais wa Marekani, na kijana wake Kermit. Wale wawili waliangusha wanyama 512, wengi wakienda makumbusho ya Smithsonian. Baba peke yake 296. Roosevelt hakujaribu hata kidogo kuchagua risasi moja. Alikuja na Springfield ya kijeshi kwa wanyama wa kawaida, Winchester ya .405 ambayo aliiona ni kama dawa ya simba, na bunduki ya mitutu miwili kutoka Holland & Holland ya London kwa wale wazito. Na usijiulize alizibebaje. Hakuzibeba. Nyuma yake kulikuwa na Waafrika wa kubeba, na msafara wa mamia ya wapagazi. Swali la bunduki moja halikuumizi kichwa kama kuna mtu mwingine anayekubebea tatu.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye kila kijana anayepata hii historia anampenda sana, na mimi nilimpenda kwa siku mbili nzima. Walter Bell, Mskoti, waliyemwita Karamojo. Jamaa aliua zaidi ya ndovu 1,000 huko Karamoja, Lado na kwingine, na wengi aliwaua na .275 Rigby, ambayo ni ile 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Risasi nyembamba kama penseli! Kichwa chake kina gramu 11 na kidogo. Watu wanasoma hapo wanafunga kitabu, wanasema basi, ndovu hataki bunduki kubwa, anataka shabaha.

Wanaruka sehemu inayofuata. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa. Alipiga risasi ngumu za kijeshi, ndefu, zisizofunguka wala kupinda zikigonga mfupa. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe, anaamka kila siku kufanya kazi hiyo hiyo, na alikuwa na uvumilivu wa kungoja hadi mnyama ageuze kichwa. Tena tunamjua Bell kwa sababu alirudi nyumbani akaandika vitabu. Waliojaribu ujanja wake wakakosea kwa sentimita kumi hawakuandika kitu. Hiyo ndiyo shida ya kujifunza kutoka kwa mtu aliyepona.

Ndio tunafika 1912. Mwaka uliotangulia, Rigby walikuwa wametoa .416 yao, risasi nzuri sana ya wanyama wazito. Holland & Holland wakatoa .375, yenye huo mshipi. Mshipi ule si pambo. Ganda la .375 limechongwa likipungua taratibu kuelekea mdomoni, na bega lake limelala sana, kwa hivyo haliwezi kulishikilia vizuri ndani ya chemba. Mshipi ndio unaokaza mahali pake. Faida ya huo mteremko inaonekana jua likiwaka: baruti za wakati ule zikipata joto, shinikizo linapanda, na ganda lililonyooka sana linaweza kukwama ndani baada ya kupiga. Hili linateleza likitoka. Mtu aliyekaa London anaweza kuona ni jambo dogo. Mtu aliye mita ishirini kutoka kwa nyati aliyeumia haoni hivyo.

Nguvu yake je? Nilipiga hesabu ya fizikia, mojawapo ya vitu vichache nilivyotoka navyo chuoni. 7x57 ya Bell inatoka mtutuni na karibu jouli 2,700. Zile .470 za mitutu miwili zinafika karibu 7,000, lakini zinatupa kichwa cha gramu 32 polepole, na bega lako linalipa. .375 iko hapo katikati, gramu 19 na kitu kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, jouli kama 5,700. Kwa ndovu kuna zinazoishinda, na kwa swala tomi ni nyundo ya kuua nzi. Lakini ukiweka kichwa laini kinachofunguka inafanya kazi kwa simba na pofu, ukiweka kile kigumu inapenya kwa nyati na ndovu, na unalenga kwa mbali vizuri tu. Bunduki ile ile, mkono ule ule.

Na kuna sababu ambayo wapenzi wa bunduki hawaitaji sana kwa sababu haina mvuto: upatikanaji. Mitutu miwili ya London ilitengenezwa kwa mkono, kwa bei ya tajiri. .375 iliingia kwa bunduki za kawaida za risasi kadhaa, na Winchester walipoanza kuitia kwenye Model 70 yao miaka ya 1930, ikawa mtu wa kawaida (mzungu wa kawaida, tuelewane) anaweza kuimudu. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1934, na kadiri kazi ilivyopata utaratibu, desturi na sheria zikatulia mahali pamoja: wanyama hatari, .375 kwenda juu. Hadi leo Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii bado upo, mtu akienda kutafuta nyati anaambiwa hivyo hivyo.

Sasa nyati.

Baba ya huyu mzee alikuwa Mkamba, na kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Wakamba walitafutwa sana kwa kazi hiyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Narok. Mgeni alitaka nyama ya kambi tu siku hiyo, pofu, kwa hivyo akachukua bunduki nyepesi. Ile .375 ilikuwa na mwindaji kiongozi aliyebaki nyuma kidogo. Wakafuata nyayo hadi ukingo wa kichaka, na aliyesimama hapo hakuwa pofu. Mgeni akapiga. Mzee anasema babake alimwambia kila mara kwamba risasi ilimpata nyati sawasawa, begani, mahali pazuri kabisa. Ila haikufika ndani.

"Sasa kijana," akaniambia, "wakati nyati anakuja, nani yuko mbele?"

Nilijua jibu. Msoma nyayo huwa mbele, macho chini, na mkononi alikuwa na panga. Alirushwa, paja likapasuka, na mwindaji kiongozi akafika akaimaliza kwa risasi mbili. Moja ya yale maganda ndiyo hii ninayoishika. Alichechemea hadi alipokufa.

Hapo ndipo mimi niliacha kumpenda Bell. Hoja zote nilizosoma za bunduki moja zinauliza mnyama gani unataka kumpiga. Kule porini haukuchagua mnyama, kichaka kilikuchagulia. Kama ni lazima iwe moja, basi iwe ile inayotosha kwa mbaya zaidi anayeweza kutokea, hata kama siku hiyo umetoka kutafuta kitoweo. Kwa hesabu hiyo .375 inashinda, na sioni risasi nyingine inayoikaribia kwa nchi yenye pofu na nyati kwenye nyasi zile zile.

Lakini kuna kitu kinanikera. Aliyechagua risasi hakuwa aliyesimama mbele. Katika ukoloni Mwafrika kumiliki bunduki kihalali ilikuwa karibu haiwezekani, ilhali yule anayemjua mnyama kuliko wote kwenye msafara ndiye alikuwa anamtafuta. Wawata wa kule Tsavo walikuwa wanaangusha ndovu kwa upinde na mshale wa sumu kabla London haijafikiria .375, na miaka ya hamsini walikuwa wanafungwa jela kama majangili huku mwenye leseni akipiga picha na pembe. Simaanishi ndovu waendelee kuuawa. Nasema tu kwamba vitabu vinajaza kurasa kwa aina ya baruti na vinamtaja msoma nyayo kwa jina moja, la kwanza, kama amebahatika.

Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji Kenya nzima. Wawindaji wengi walihamia nchi jirani na .375 zao. Baba ya mzee alirudi na ganda moja na mguu mbovu, akanunua sehemu hapa Lanet wakati bado ilikuwa vichaka.

Nilimuuliza mzee kama angeniuzia hilo ganda. Nilifikiria video, nikuonyesheni ule mshipi kwa karibu.

"Na kuku nitawafungia na nini?" Akachukua funguo zake.