Kustaafu na Kustaafishwa

Mtanzania aliyepata kazi Hayes, magharibi mwa London, kwenye maghala ya mizigo yaliyo jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, huja na hesabu ya nyumbani: mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60. Akisikia kwamba Uingereza "umri wa kustaafu" ni miaka 66, huamini kuwa siku hiyo mwajiri ana haki ya kumtoa kazini. Sivyo, na imani hiyo inaweza kumnyima riziki yake.

Kinachoanza katika miaka 66 ni haki ya kulipwa pensheni ya serikali. Kati ya 2026 na 2028 umri huo unapanda hadi 67. Tuuite umri wa pensheni, basi. Haumlazimishi mtu kuacha kazi: anaweza kupokea pensheni na mshahara kwa pamoja, na mshahara wake haukatwi tena mchango wa Bima ya Taifa.

Jambo la pili ndilo zito. Tangu Oktoba 2006 sheria ilimruhusu mwajiri kumwachisha kazi mtu wa miaka 65 kwa sababu ya umri tu, mradi afuate utaratibu wa kumpa taarifa. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Umri wa namna hiyo napendekeza uitwe umri wa kustaafishwa. Kustaafu ni neno lenye asili ya Kiarabu, la kuomba kuachiliwa, na mwombaji ni mfanyakazi mwenyewe. Kustaafishwa kuna mkono wa mtu mwingine ndani yake. Watumishi wa Tanzania wanalijua vizuri neno hilo katika "kustaafishwa kwa manufaa ya umma".

Leo, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, kumstaafisha mtu kwa umri wake ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba ana lengo halali na kwamba hatua aliyochukua inalingana nalo. Mwanya huo upo kweli. Katika kesi ya Seldon, iliyohusu kustaafishwa kwa umri, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali mwaka 2012 kwamba kuwapa vijana nafasi ya kupanda kazini kunaweza kuwa lengo halali. Lakini kuthibitisha ni jukumu la mwajiri, si la mzee anayesukuma toroli la mizigo.

Anayewaza kurudi kwao akumbuke pia kwamba pensheni ya Uingereza haiongezwi kila mwaka kwa anayeishi Kenya au Tanzania. Hubaki kiwango kilekile. Kuacha kazi mapema kwa kutoelewa istilahi ni hasara ya maisha yote.

Kwa hiyo ukiitwa ofisini "kuzungumzia kustaafu" nawe hukuomba, usitie saini siku hiyo. Wasiliana na Acas, shirika la Uingereza la ushauri wa masuala ya kazi, ambao ushauri wao ni wa bure, na ufanye hivyo mapema, maana muda wa kufungua madai ni miezi michache tu.