Picha ya Afrika Isiyo na Nyota

Tarehe 7 Desemba 1972 wanaanga watatu wa Marekani, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, wakielekea mwezini katika chombo cha Apollo 17, waliipiga dunia picha. Bara la Afrika limo karibu lote, na ndani yake nchi ya Mara, tangu vilima vya Tarime hata mbuga za Serengeti. Anga iliyoizunguka dunia ni nyeusi, haina nyota. Kwa sababu hiyo wako waliozishuku picha za safari hizo kuwa ni uongo.

Shaka hii huondolewa na moto wa mchungaji. Aketiye usiku karibu na moto huko Serengeti huona vema nyuso za wenzake, lakini akiinua macho huona nyota chache. Akienda mbali gizani, baada ya kitambo mbingu hujaa. Kamera nayo ni jicho. Saa ile Afrika iling'aa kwa jua, basi kamera ilifumbuliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama ingalifumbuliwa kwa muda uzitoshao nyota, dunia ingaligeuka weupe mtupu.

Ushahidi ulikwisha patikana Aprili 1972, katika safari ya Apollo 16. Kamera ya George Carruthers, iliyonasa miale isiyoonekana kwa macho, iliwekwa mwezini katika kivuli cha chombo, ikafumbuliwa kwa muda mrefu, nyota zikatokea.

Mwanahistoria na ajifunze hapa. Shahidi akinyamaza juu ya jambo, tusiseme upesi kuwa ni mwongo, wala kuwa jambo halikuwako. Kwanza tuulize alitazama nini, na kwa muda gani.