Kodi ya Kichwa, Kodi ya Nyumba: Daftari la Ushuru Kando ya Rumangabo

Rumangabo, katika eneo la kimila la Bwisha, Rutshuru, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, hujulikana zaidi kwa makao makuu ya Mbuga ya Virunga na kwa kambi ya jeshi, yaani kwa mali mbili za dola zisizotozwa kodi ya ardhi, ilhali wakulima wanaozizunguka wamezoea kutozwa tangu enzi za Wabelgiji.

Kodi ya kwanza ya enzi hizo haikuhusu ardhi. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilikuwa imeifanya ardhi iliyodaiwa kuwa tupu kuwa mali ya dola, na ni kwa fikra hiyohiyo mbuga ilitengwa mwaka 1925. Mkoloni, akishajipa umiliki, hakuona haja ya kuorodhesha viwanja vya wenyeji, bali alitoza kodi ya kichwa, yaani kiasi maalumu kwa kila mwanamume mzima, akiwategemea machifu wamjulishe nani yupo na nani ametoroka. Vijijini, daftari lililorithiwa wakati wa uhuru mwaka 1960 lilikuwa la watu.

Kodi ya majengo na viwanja ilipangwa kwa amri-sheria ya Februari 1969, na Katiba ya 2006 ikaikabidhi mikoa, lakini pengo halikuzibwa, kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1973 iliahidi amri ya rais kuhusu haki za kimila, ahadi iliyokaa miongo bila kutimizwa. Mwenye shamba asiye na hati ya usajili hana pa kuandikwa, hata kompyuta zikiletwa.

Kwingineko nchini, mjini Kananga, mwaka 2018, wakusanyaji wa kodi ya majengo walitoa risiti papo hapo kwa mashine za mkononi. Mitaa iliyokabidhiwa machifu iliingiza mapato zaidi kwa asilimia 44 kuliko ile ya maofisa wa serikali, kwani machifu walijua nani ana uwezo wa kulipa: ujuzi uleule, kwa kweli, uliomtumikia Mbelgiji. Tanzania ilichagua njia fupi, kodi ya jengo ikikatwa tangu 2021 mteja anunuapo umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, ingawa njia hiyo humkosa asiye na mita.

Bwisha ina swali gumu zaidi, nalo ni la mshika daftari. Waasi wa M23 waliiteka kambi ya Rumangabo mwaka 2012 na tena mwaka 2022, na Goma, iliyokuwa na ofisi za mapato za mkoa, ilianguka mikononi mwao Januari 2025. Orodha kamili ya nyumba na wenye nyumba humrahisishia kazi yeyote anayetawala, awe amechaguliwa au amekuja na bunduki.