Kizunguzungu: namna ya kujua kama mgonjwa anapata nafuu kweli

Mgonjwa wa kizunguzungu akirudi kwenye kituo cha afya baada ya wiki mbili, munganga anamuuliza: «Unaendelea aje?» Jibu mara nyingi ni lile lile: «Kidogo kidogo tu.» Kwa mtu mwenye homa, jibu hilo si tatizo kubwa, sababu kuna kipimajoto. Kwa kizunguzungu halitoshi. Mtu aliyeshikwa mara kumi wiki iliyopita na mara mbili wiki hii anaweza kusema bado anaumwa sawa na zamani, kumbe ameanza kupona. Mwingine atasema amepona, kumbe ameacha kwenda soko, ameacha kubeba bido la maji na hapandi tena taksi-moto, yaani ameacha vitu vyote vilivyokuwa vinamletea hali ile.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Dawa inabadilishwa kila mara, feza ya nyumba inaisha, na majirani wanaanza kusema ni pombe ao ni uchawi. Mbaya zaidi, mtu anaweza kuangukia moto wa makala ao kuteleza kwenye ngazi, wakati kila mtu alidhani anaendelea vizuri. Kufuatilia mgonjwa wa kizunguzungu ni kazi yenye utaratibu wake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mashine.

Kizunguzungu si kitu kimoja

Mwili unasimama wima kwa msaada wa vitu vitatu: sikio la ndani, macho, na hisia za miguu na viungo. Ubongo unakusanya habari za vyote vitatu. Kimoja kikileta habari isiyolingana na nyingine, mtu anayumba ao anaona nyumba inazunguka.

Kabla ya kupima maendeleo, lazima ijulikane ni kizunguzungu cha namna gani, maana kila kimoja kinafuatiliwa kwa njia yake.

Kinachodumu chini ya dakika moja, pale mtu anapojigeuza kitandani ao kuangalia juu, mara nyingi kinatokana na vichembe vidogo vya chokaa vilivyotoka mahali pake ndani ya sikio. Hiki kinatibiwa kwa kugeuza kichwa na mwili kwa mpangilio maalum, mbinu inayoitwa kwa jina la munganga wa Marekani, John Epley. Kujua kama imefaulu, munganga anamlaza mgonjwa tena haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na kuangalia kama macho bado yanachezacheza. Inafaa mgonjwa aonwe tena ndani ya mwezi mmoja. Tatizo hili linaweza kurudi, na kurudi kwake si alama kwamba matibabu ya kwanza yalikuwa ya uongo.

Kinachoanza ghafla na kudumu siku nzima ao siku kadhaa, pamoja na kutapika, kinaweza kuwa uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Siku za kwanza ni ngumu, halafu nafuu inakuja kwa wiki na hata miezi. Lakini kiharusi nacho kinaweza kuanza hivyo hivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii aonwe na munganga siku ile ile.

Kinachokuja kwa vipindi vya dakika 20 mpaka masaa 12, sikio likilia na kusikia kukipungua, kinaelekeza kwenye ugonjwa wa Ménière. Hapa kinachohesabiwa ni vipindi kwa mwezi, na uwezo wa kusikia upimwe mara kwa mara.

Kinachokuja mtu akisimama tu, macho yakiona giza, mara nyingi kinahusu shinikizo la damu, upungufu wa damu ao maji mwilini.

Kaye ya mgonjwa

Chombo cha kwanza ni kaye na biki. Kila mara kizunguzungu kinapokuja, yaandikwe mambo haya: tarehe na saa, kilidumu muda gani, mtu alikuwa anafanya nini, kama alitapika, kama sikio lililia, kama alianguka, na dawa alizomeza siku ile. Asiyejua kuandika anaweza kupiga mstari mmoja kwa kila kipindi, ao mtoto wa nyumbani amwandikie.

Yaandikwe pia mambo aliyoacha kufanya. Mama muuza samaki ambaye sasa anatuma mtoto soko, siku akirudi mwenyewe kwenye meza yake, hiyo ni nafuu ya kuandikwa. Kuhesabu vipindi peke yake kunaweza kudanganya, juu ya mtu anayelala siku nzima hapati vipindi vingi.

Vipimo visivyohitaji mashine

Kipimo cha kiti kinajulikana sana. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, anasimama, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Simu ya mkononi inatosha kuhesabu sekunde. Mzee anayetumia sekunde 12 ao zaidi yuko katika hatari ya kuanguka. Akitoka sekunde 19 mpaka 14, bado hajafika, lakini anasonga mbele, na sasa kuna namba ya kuonyesha.

Kipimo cha pili kina jina la munganga wa Ujerumani wa karne ya 19, Moritz Romberg. Mgonjwa anasimama miguu pamoja, kwanza macho wazi, halafu macho yamefungwa, mpaka sekunde 30. Mtu mwingine asimame karibu kabisa, tayari kumshika. Anayesimama vizuri macho wazi lakini anaanguka akiyafunga anaonyesha kwamba anategemea macho sana.

Kwa anayeona giza akisimama, shinikizo la damu lipimwe baada ya kulala dakika 5, kisha akiwa amesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 ao zaidi, ao ya chini kwa 10 ao zaidi, sababu imeanza kuonekana.

Kuna pia orodha ya maswali 25 iliyotolewa Marekani mwaka 1990 na Jacobson na Newman. Inauliza kizunguzungu kinavyoharibu kazi, safari na moyo wa mtu. «Ndiyo» ni alama 4, «mara moja moja» ni 2, «hapana» ni 0. Jumla ya juu ni 100. Jumla ikishuka kwa alama 18 ao zaidi, hayo ni mabadiliko ya kweli.

Vipimo hivi vina sharti moja: virudiliwe kwa namna ile ile. Kiti kile kile, viatu vile vile, saa ile ile. Kumpima mtu asubuhi kwenye sakafu ya sementi na wiki inayofuata jioni kwenye mteremko wa udongo hakusemi kitu.

Dawa na mazoezi

Dawa za kutuliza kizunguzungu zinasaidia siku chache za kwanza, mtu anapotapika na hawezi kuamka. Zikimezwa wiki baada ya wiki, zinaweza kuchelewesha ubongo kujifunza tena kusimamisha mwili. Kwa hiyo swali «bado unameza zile vidonge?» ni sehemu ya kufuatilia.

Mazoezi ndiyo yanayofundisha ubongo: kugeuza kichwa huku macho yameshika kidole gumba, kutembea huku unaangalia kushoto na kulia. Mwanzoni yanaleta kizunguzungu kidogo, na wengi wanayaacha hapo. Iangaliwe kinachukua muda gani kutulia baada ya zoezi. Muda huo ukizidi kufupika, mgonjwa yuko kwenye njia nzuri.

Dawa nyingine zenyewe zinaweza kuumiza sikio. Kinini inaweza kuleta mlio masikioni na kizunguzungu, ambavyo kwa kawaida vinapungua ikiachwa. Sindano za gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja. Anayepata sindano hizo aulizwe kabla ya tiba kuisha: vitu vinaonekana kuruka ukitembea? Unaweza kusoma kibao cha duka bila kusimama? Usiku umeme ukikatika, unatembea vipi? Anayeyumba gizani peke yake amwambie munganga mara moja, bila kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wakati wa kutongoja

Kaye iwekwe kando na mgonjwa apelekwe hospitali haraka kama kizunguzungu kimekuja pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kugongana, mkono ao mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, ao kushindwa kabisa kusimama. Kiziwi cha ghafla cha sikio moja nacho hakingoji kesho.

Kwa wengine, kazi ya familia ni rahisi kusema na ngumu kudumu nayo: kumsindikiza kwenye ngazi, kuondoa vitu njiani ndani ya nyumba, kuacha taa ndogo usiku, na kumkumbusha kaye siku ya kuonwa. Munganga akiifungua, ndani ya dakika chache ataona vipindi vingapi, muda gani, na nini kimebadilika tangu mara ya mwisho.