Kutoka Ngozi ya Nyatiti hadi Koni ya Spika: Historia ya Sauti Karungu

Katika Karungu, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo upande wa Nyatike, Kaunti ya Migori, ala ya Wajaluo yenye heshima kubwa katika matanga na sherehe ni nyatiti, yenye nyuzi nane. Nyuzi zake hutikisa ngozi iliyowambwa juu ya mzinga wa mti, nayo ngozi husukuma hewa hadi masikioni. Lakini kwa kuwa nguvu yote hutoka vidoleni mwa mpigaji, sauti haifiki mbali na boma.

Spika nayo husukuma hewa, ila kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric nchini Marekani, waliliendeleza wazo ambalo Mwingereza Oliver Lodge alilipatia hataza mwaka 1898, wakatoa muundo unaotumika hadi leo. Koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, huwekwa katika mwanya wa sumaku. Mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa mfano wa sauti unapopita humo, koili huvutwa na kusukumwa kwa zamu, ikaitikisa koni ya karatasi iliyogandishwa kwake. Mkondo ukitimiza mizunguko 440 kwa sekunde, koni hutikisika mara 440, na sikio husikia sauti ya kimo hichohicho.

Udhaifu wa chombo hiki ni ulaji wake: aghalabu kiasi cha asilimia 1 tu ya umeme hugeuka sauti, na unaobaki hupotea kama joto. Ndiyo maana vijiji visivyo na nyaya za umeme vilianza na sauti ndogo ya redio za transista, kifaa kilichovumbuliwa mwaka 1947 na kilichotosheka na mawe ya betri, ilhali muziki wa uwanjani ulihitaji jenereta na amplifaya, mtambo wa kukuza mkondo kabla haujafika kwenye spika.

Kwa njia hiyo benga ilienea, muziki ambao wapigaji wake walihamishia mdonoo wa nyatiti kwenye gitaa la umeme. Miongoni mwa vinara wake ni D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, aliyeiongoza Shirati Jazz. Historia ya benga huandikwa kwa majina ya waimbaji. Ni haki sasa iandikwe pia kazi ya mafundi walioshona koni zilizochanika na kusuka upya koili zilizoungua, kabla kumbukumbu zao hazijapotea.