Taa haifi kwa uzee: Petromax katika Masisi na Walikale



Tangu kambi za pembeni mwa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilipobaki tupu mwezi wa 2 mwaka 2025, familia nyingi zimerudi upande wa Masisi. Wengi wamekuta nyumba haina bati, haina mlango, na mbuzi hawapo. Lakini mara kwa mara mtu anatuletea taa ya zamani ya shaba, imejaa masizi, na anauliza: hii tuitupe ao tuitengeneze? Swali ni dogo, lakini jibu lake linagusa namna tunavyopokea msaada wa kila aina. Ndiyo maana tumeona vema tueleze historia ya taa hiyo.

Sisi tunaiita Petromax, hata ikiwa imeandikwa jina lingine. Tanzania na Kenya wanaiita karabai. Mwanzo wake ni manshoni, kile kifuko cheupe cha uzi kinachoning'inia ndani ya kioo. Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria, aliandikisha uvumbuzi huo mwaka 1885. Alilowesha kitambaa ndani ya chumvi za madini. Ukikichoma mara ya kwanza uzi unaungua, na kinachobaki ni majivu tu yaliyoshikana, lakini majivu hayo yakipata joto kali yanatoa mwanga kuliko moto wenyewe. Karibu mwaka 1910, kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin kiliunganisha manshoni na tangi la mafuta lenye pompo. Mkubwa wa kiwanda aliitwa Max Graetz, na jina lake ndilo limo ndani ya neno Petromax.

Katadowa yetu inavuta mafuta kwa utambi. Petromax haina utambi. Ukipiga pompo, hewa inasukuma mafuta juu mpaka kwenye bomba lililopashwa moto. Humo yanageuka mvuke, yanatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo sana, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya manshoni. Ule mvumo ambao wazee wanaukumbuka, kama nyuki waliofungiwa, ni mvuke unaopita hapo. Lita moja ya mafuta inatosha karibu usiku mzima.

Katika vilima vyetu taa kama hii ilikuwa na kazi kubwa kwa sababu umeme haukufika. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamishia watu wengi kutoka Rwanda mpaka Gishari, Masisi, na mashamba makubwa yalifunguliwa. Lakini vijiji vingi havikuona nguzo ya umeme, wakati ule wala baadaye. Usiku ulikuwa wa mwezi, wa moto wa kuni na wa taa. Mwenye Petromax hakuwa nayo peke yake: kukiwa na harusi ao matanga, jirani walikuja kuiazima, na mwenyewe alikuja nayo ili aipige pompo kwa mkono wake.

Hata samaki tuliyokula ilipitia kwenye taa hiyo. Sambaza si wa asili ya ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu mwaka 1959. Kuwavua kwa wingi kulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa Gisenyi. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, wavu unashushwa chini, na taa ya presha inaning'inizwa juu ya maji usiku wa giza. Wadudu wadogo wa majini wanafuata mwanga, sambaza wanafuata wadudu, na wavu unainuliwa. Mpaka ghuba ya Kabuno, pale Sake, taa zilionekana juu ya maji kama kijiji kingine. Leo wavuvi wengi wamebadili, wanatumia taa za betri.

Kwa nini basi Petromax zilizimika? Shaba haikuchoka. Kilichokatika ni njia. Mwezi wa 3 mwaka 1993 vita vilianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, vikaingia Masisi, na tangu hapo tumekimbia mara nyingi. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Kioo cha taa hakibebeki. Barabara ya Goma–Walikale ikaharibika, mpaka ndege zikawa zinatua juu ya lami kule Kilambo, zinaleta bidhaa na kurudi na kasiterite. Taa ikikosa manshoni moja tu, kifuko kinachobomoka ukikigusa, inabaki chuma kisicho na kazi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenye taa: usiitupe. Mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo. Ngozi ya pompo imekauka. Iloweshwe mafuta mpaka ilainike. Mipira inayozuia hewa imepasuka, ikatwe mipya. Tundu limezibwa na masizi. Lisafishwe kwa sindano yake. Kisha piga pompo bila kuwasha na upake povu ya sabuni kwenye maungio: pakitoa mapovu, hewa inatoroka. Tangi lililotoboka ao kuliwa na kutu lisiwashwe kamwe. Washeni penye hewa, na msivute vumbi la manshoni kuukuu, kwa sababu nyingi zina thoriamu.

Na neno moja linaweza kuua. Huku petroli ni mafuta ya taa, na ya gari ni esansi. Kenya na Tanzania petroli ni ile ya gari. Anayesoma maelekezo ya kutoka kule, ama anayenunua mpakani, aulize mara mbili. Esansi ndani ya taa hii ni mlipuko.

Hatusemi turudi nyuma. Taa ya sola haina moshi, haichomi mtoto, haidai mafuta kila juma. Kwa nyumba ya kawaida ndiyo nzuri. Lakini tumeziona taa za sola zimelala kwenye pembe za nyumba baada ya miaka miwili, betri imekufa ao waya mmoja umeachia, na hakuna wa kuzifungua. Ugonjwa ni ule ule wa Petromax: kitu kilifika, ufundi na vipuri havikufika nacho.

Tufikirie jambo hili. Ndani ya taa ya sola, nyaya zimeshikwa kwa bati lililoyeyushwa. Bati hilo linatoka kwenye kasiterite, na kasiterite ilikuwa ikichimbwa Bisie, Walikale, kwa migongo ya watoto wetu. Jiwe linatoka kwetu, na sisi hatuna hata kipande cha waya wa kulehemu cha kurudishia mwanga wa mama anayejifungua usiku.

Wafadhili, mkituletea taa 100, tunaomba ndani ya hesabu hiyo muweke betri za akiba, chuma cha kulehemu, na siku chache za kufundisha vijana wawili kwa kila kijiji. Zikiwa taa 80 kwa sababu hiyo, sisi tutashukuru zaidi. Na ninyi wazee mliopiga pompo za Petromax zamani, njooni mkae na vijana hao. Mikono yenu inajua kutafuta mahali hewa inapotorokea, na kazi ya fundi wa sola inaanzia hapo hapo: kutafuta kilichoachia.